Kuku Wawili Kwenye Nafasi ya Saini

Wanangu, mmeniandikia mkitaka niwaeleze "mbinu za kusimamia ruzuku za ardhi ya wanyamapori." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mimi ambaye Tunduma nzima, kuanzia madereva wa malori hadi wabadilisha fedha, waliniita Mama Kuku Wawili, leo naombwa mbinu! Haya, nitawapa. Ila mtulie, maana sijui kupanga maneno kwa vipengele kama kwenye semina zenu. Mimi nasimulia, na nikikumbuka kitu njiani nasimama nakiokota.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Watu wakisikia ruzuku ya kupata ardhi kwa ajili ya tembo, wanadhani unaingia kijijini na begi, unanunua shamba kama unavyonunua sukari. Thubutu! Ardhi ya kijiji ni ya kijiji, hakuna mtu wa kukufungia kwenye karatasi ukaondoka nayo. Tulichofanya sisi ni hiki: wafadhili wanatenga fungu, kijiji kikikubali kwenye mkutano wake mkuu kuachia eneo ambalo tembo wanapita, basi fungu lile linalipa upimaji, linalipa fidia ya wenye mashamba, na linafungua mashamba mapya mahali pengine hapo hapo kijijini. Kijiji kikikataa, fungu linarudi lilikotoka. Kijiji kikikubali kwa namna isiyo sahihi, linarudi vilevile, na wewe unabaki na aibu yako. Hiyo ya mwisho naijua vizuri.

Wakati huo mkoa wa Songwe haukuwapo, sote tulikuwa Mbeya. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Tunduma, nyuma ya ofisi ya wakala wa forodha, na dirisha lake lilitazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Mimi ni Mnyiha wa Itaka, mtoto wa wakulima wa kahawa, na tembo nilikuwa nimemwona kwenye kalenda tu. Kazi niliipata kwa sababu nilijua kupiga taipu na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mtu akiniuliza leo nilisomea wapi uhifadhi, namwambia nilisomea bondeni Momba, kwa viatu vilivyokatika kisigino siku ya kwanza.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Nzunda, mpima ardhi aliyekwishastaafu serikalini, mrefu, mwembamba, na chupa yake ya chai haikumtoka begani hata akiwa anapima. Mzee yule alikuwa na maneno machache na aliyarudia bila haya. "Mama Neema," ataniambia, "usihesabu majina. Soma majina." Au tukiwa tunatoka mkutanoni: "Umeuliza nani hayupo?" Mimi naitikia, "Sawa mzee," kama ninyi mnavyoniitikia mimi, huku akili iko kwenye nauli ya kurudi mjini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa linaandaliwa.

Kijiji chenyewe sikitaji. Wenyewe wapo, wana simu, na hawashindwi kunipigia. Kiko bondeni, upande wa Momba, mahali ambapo jua halina aibu na mto ndio uhai wa kila mwenye pua. Tembo walikuwa wanashuka mtoni kupitia mashamba ya kaya tisa. Kaya nane zilikuwa na mashamba mengine ya kushikilia. Ya tisa ilikuwa ya Bibi Namwinga, mjane, na yeye hakuwa na pengine.

Siku ya kwanza kufika kwake nilimkuta amekaa juu ya debe lililobondekabondeka mpaka halina umbo. Nikamuuliza debe hilo limefanywa nini.

"Hilo ndilo ngoma yangu," akasema. "Mwaka wa kwanza nilipiga, tembo wakakimbia. Mwaka wa pili nilipiga, wakasimama wakanisikiliza. Mwaka huu nimepiga, mmoja akaja karibu. Nadhani alikuwa anataka kucheza."

Alisema hivyo na kucheka, na mimi nikacheka, kisha nikachungulia ghala lake. Lilikuwa tupu, limefagiliwa safi. Misimu mitatu mfululizo hakuvuna hata gunia. Alikuwa anakula kwa kaka yake, na mke wa kaka alikuwa ameanza kuhesabu sahani kwa sauti. Bibi akanishika mkono. "Mwanangu, mimi sikatai kuhama. Nipeni shamba kule juu kabla mvua haijanyesha. Msimu wa nne wa kula kwa watu siuwezi, nitakufa kwa aibu kabla ya njaa." Nikamwahidi. Ninyi vijana, msiahidi kitu kabla hamjashika muhtasari wa mkutano mkononi, lakini mimi niliahidi, na nilimaanisha.

Basi nikamfuata mwenyekiti wa kijiji tupange mkutano mkuu. Mkutano ule lazima uwe na akidi, yaani idadi ya watu wazima inayotakiwa, na tulishajaribu mara mbili tukapata watu wa kujaza benchi moja. Mwenyekiti akafikiri, akasema, "Njoo Alhamisi. Alhamisi watu watakuwa wengi." Sikumwuliza kwa nini Alhamisi watu watakuwa wengi. Mzee Nzunda alikuwa Mbozi anaumwa mgongo, nikasema hii nitaimaliza mwenyewe, akipona anikute shujaa.

Alhamisi nikafika. Mama yangu! Watu walikuwa wametapakaa kuanzia ofisi ya kijiji mpaka nyumba ya jirani. Masufuria yalikuwa motoni, ugali unasongwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, kuku wanachinjwa. Nikajisemea, leo kijiji kimeelewa umuhimu wa wanyamapori. Nikajua wamenipikia. Nikakaribishwa, nikala, nikaongezewa, kisha nikasimama nikawashukuru kwa mapokezi makubwa ambayo sijawahi kuyaona tangu nianze kazi. Watu wakatazamana, wakapiga makofi kwa upole. Sasa naelewa upole ule.

Ulikuwa msiba, wanangu. Siku ya kumaliza msiba wa mzee mmoja wa ukoo mkubwa, na ndugu zake walikuwa wamevuka kutoka Nakonde na vijiji vya Zambia, maana wenyeji wa kule ni Wanamwanga, na mpaka uliwakuta tayari ni ndugu, ukapita katikati yao kama mtu anayepita katikati ya watu wanaozungumza. Mwenyekiti hakunidanganya. Alisema watu watakuwa wengi, na walikuwa wengi.

Nikahutubia. Wanakijiji waliokuwapo walisikiliza, wakauliza maswali ya maana, wakanyoosha mikono kukubali. Bibi Namwinga alinyoosha miwili. Kisha nikatoa fomu ya mahudhurio, ina safu ya namba, jina, mahali anapoishi, na saini, nikaitia karatasi ya kaboni na kalamu, nikaiachia izunguke. Ikazunguka mbele, ikazunguka nyuma, ikaingia nyumba ya jirani walikokaa wageni. Jioni ikanirudia imejaa kurasa zote. Nikahesabu majina. Akidi imetimia na kupita! Nikaifunga kwenye bahasha bila kusoma hata mstari mmoja, kesho yake nikaikabidhi kwenye basi iende makao makuu, na usiku huo nililala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Wiki mbili baadaye ikaja faksi. Siku hizo faksi zilikuja kwenye kibanda cha simu cha jamaa mmoja tuliyemwita Sele, pale pale kati ya wabadilisha fedha, na Sele alikuwa na tabia moja mbaya. Alisoma kila kinachotoka kwenye mashine yake, na akikipenda alikisoma kwa sauti. Nilipotokea mwisho wa mtaa nikasikia vijana wa kubadilisha kwacha wananipigia kelele: "Mama Kuku Wawiliii! Karibu, leo kuku wanabadilishwaje?" Nikadhani wamelewa. Nikafika kwa Sele, akanipa karatasi huku machozi ya kicheko yanamtoka.

Makao makuu walikuwa wanaomba ufafanuzi, kwa lugha ya adabu kabisa. Mhudhuriaji namba arobaini na saba, Mulenga, mkazi wa Nakonde, kwenye nafasi ya saini ameandika "kuku wawili." Je, hiyo ni saini yake? Anayemfuata ameandika "unga debe moja." Mwingine "kuni mzigo mmoja." Na mwingine, huyu ndiye aliyemmaliza Sele, alikuwa ameandika "sufuria kubwa, nitalifuata Jumapili."

Mmeelewa? Wale wageni walikuwa msibani. Msibani daftari likipita na kalamu, unaandika jina lako, unatoka wapi, na ulichochangia, ili kesho kwako kukitokea jambo wenzako nao wajue pa kuanzia. Fomu yangu ilikuwa na safu zile zile. Waliijaza kwa uaminifu, hakuna aliyedanganya hata kijiti cha kuni. Watu zaidi ya nusu ya akidi yangu walikuwa Wazambia waliokuja kuzika, na mimi nilikuwa nimewatumia wafadhili orodha ya rambirambi kama ridhaa ya kijiji kugawa ardhi ya Tanzania.

Mwishoni mwa faksi kulikuwa na mistari miwili isiyochekesha. Tuna wiki tatu kuleta muhtasari wa mkutano halali. Zikipita, fungu linarudishwa. Nikaona lile debe lililobondeka, nikaona ghala lililofagiliwa, na mbele ya kibanda cha Sele, katikati ya malori na kelele zote za mpakani, nikalia. Sele akaacha kucheka. Akakataa kulipwa faksi ile, nami sijamsahau kwa hilo, ingawa jina la Kuku Wawili ni yeye aliyelitia mbegu.

Mzee Nzunda alirudi mgongo ukiwa bado umefungwa kitambaa. Nilimkabidhi karatasi nikasimama kama mtoto aliyevunja chungu. Akaisoma yote, taratibu, akamimina chai, akanywa. Nilitegemea anifokee. Akasema, "Sufuria alilifuata kweli Jumapili?"

"Sijui, mzee."

"Basi lete orodha. Leo tutaisoma."

Tukaisoma jina kwa jina, nakala yetu ya kaboni, yeye akiuliza huyu nani, nyumba yake ipi, mimi nikijibu ninachokijua. Kila Mzambia tulimfuta kwa mstari wa rula. Tulipomaliza, akaegemea kiti, akauliza lile swali lake. "Nani hayupo?"

Nikatazama tena. Kulikuwa na akina Sinkala, akina Simwinga, akina Silwimba. Nikatazama mara ya tatu. Hakukuwa na Msukuma hata mmoja. Kaya za wafugaji zilizoko upande wa chini, ambazo kila mtu anaona vumbi la ng'ombe zao likipanda, hazikuwa na jina hata la dawa. Na bila wao akidi haikuwa inapatikana, hata tungewaamsha waliokufa.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Akashangaa swali langu. "Wale? Wale ni wageni, Mama Neema."

"Wamekaa muda gani?"

"Aah, siyo muda. Miaka kumi na kitu."

Kwa hiyo nikashuka mwenyewe kwa miguu mpaka kwa Masanja, ambaye ndiye waliyekuwa wanamsikiliza wafugaji wote wa kule. Nilimkuta anamfunga ndama kidonda. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa kuniita mama, nami nikaitikia hivyo hivyo, Kisukuma changu kikaishia hapo. Akanipa kigoda, akanipa maziwa ya mgando, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Mtu akikusikiliza hivyo, jiandae.

"Mayu," akasema, "mimi nina miaka kumi na moja hapa. Watoto wanne wamezaliwa hapa. Walipokuja kuomba mchango wa darasa la shule nilitoa dume, na mwenyekiti alilipokea kwa mikono miwili. Siku ya mchango mimi mwanakijiji, siku ya mkutano mimi mgeni?"

Akaniongezea maziwa.

"Na huyo tembo wenu, yeye alichangia nini kwenye shule?"

Nilicheka bila kupenda, na yeye akacheka, lakini akaendelea. Eneo lile tulilotaka kuwapa tembo ndilo lililokuwa na mteremko pekee wa ng'ombe kufika mtoni bila kuvunjika miguu. Kwingine kote ni genge. Tukiliwekea vigingi, ng'ombe wake atakunywa wapi? Kama ni hivyo hawaji mkutanoni, na wakija watakataa. Alisema bila hasira, akanisindikiza hadi njiani, na kunipa chupa ya maziwa ya safarini. Nilitembea kurudi nimechoka kuliko siku zote, maana mtu yule alikuwa na haki na mimi nilikuwa na wiki mbili na siku chache.

Hapa nisimame kidogo niwaokotee kitu. Ninyi mna vile vifaa vya kupimia kwa setilaiti, na ni vizuri, sikatai. Sisi tulikuwa na kamba ya mita, vigingi na panga. Lakini miaka ya baadaye waliniletea mtaalamu mmoja kutoka mjini na kifaa chake, akapima mpaka mzima akiwa ndani ya gari kwa sababu ya nyasi zenye upupu. Ramani ikatoka nzuri, ya rangi, na mstari wa hifadhi ukapita katikati ya choo cha mwalimu mkuu, upande mmoja mlango, upande wa pili shimo. Mwalimu akaniuliza kama akienda haja anahitaji kibali. Tembeeni, wanangu. Na mkitembea, fuataneni na akina mama wanaokata kuni, wao ndio wanaojua kila njia inaenda wapi na nani anaipita.

Turudi. Mzee Nzunda nilipomweleza habari ya mteremko, akasema twende kwanza tukawape kaya tisa karatasi zao za fidia wazisome, maana hizo ni za mtu mmoja mmoja, hazingoji mkutano. Tukakaa ofisi ya kijiji. Kaya nane zikatia dole gumba. Akaja Bibi Namwinga. Nikamsomea karatasi, nikamsogezea wino. Akakunja mkono.

"Nimesikia wafugaji mnawazibia maji," akasema.

Mwenyekiti akajibu haraka, "Bibi, hayo hayakuhusu. Wewe tia dole upate shamba lako."

"Mteremko wa kwenda mtoni uko kwenye shamba la nani?"

Ulikuwa kwenye shamba lake, ukingoni.

"Basi mpaka nitie dole, ni wangu. Na mimi sitii, mpaka muache njia ya ng'ombe ukingoni pale."

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali, siwafichi, "Bibi, siku zinakwisha! Zikipita hizi hupati shamba, hupati fidia, unarudi kwenye debe lako! Unajua unachofanya?"

Akanitazama kama wanavyotazama watoto wanaopayuka. "Mwanangu, mimi misimu mitatu nimekaa na jirani aliyezibiwa njia. Ana mkonga na masikio makubwa. Hapigi hodi, hasikii debe. Sasa mnataka kunitengenezea wa pili, mwenye ng'ombe mia? Siku zikipita, zipite."

Aliogopa, wanangu. Msidhani alikuwa jasiri wa hadithi. Alijua vizuri kuliko mimi ghala lake lina nini. Lakini mkono hakuukunjua. Na mimi niliyejifanya ndiye nimekuja kumwokoa niliona haya, haya kabisa, nikashindwa kumtazama.

Mzee Nzunda akafunga chupa yake ya chai. "Ng'ombe hushuka mchana," akasema, kama anayejisemea. "Tembo hushuka jua likizama. Twendeni tukapime."

Tukaenda wote. Mwenyekiti alikuja akinung'unika, Masanja akaitwa akaja na fimbo yake, Bibi Namwinga mbele. Mzee akapima kwa kamba upana wa kupitisha kundi, akarudia mara mbili, akasema njia ya tembo inapungua kidogo tu na masharti ya wafadhili yanaruhusu. Tukaanza kupigilia vigingi. Mwenyekiti na Masanja walishika kamba moja, huyu mwisho huu, yule mwisho ule, na mtu akishika kamba ya kupimia hawezi kununa sana kwa sababu lazima aongee na mwenzake. "Vuta!" "Legeza!" "Wewe Msukuma, vuta kama unavyovuta mchango!" "Mwenyekiti, mchango wangu mliuvuta wenyewe!" Mpaka kigingi cha mwisho walikuwa wanacheka. Bibi akatia dole pale pale, juu ya mgongo wa Mzee Nzunda uliofungwa kitambaa, maana meza hatukuwa nayo.

Siku ya mkutano niliichagua kwa kuuliza nyumba kwa nyumba. Siyo siku ya mnada, siyo ya harusi, siyo ya msiba, siyo ya kwenda sokoni Isongole wala Nakonde. Asubuhi ile wanakijiji wakaja, tukahesabu, akidi haikutosha. Tukangoja wafugaji. Saa nne, hawapo. Saa tano, hawapo. Bibi Namwinga alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini, hasemi na mtu. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda upande wa Rukwa. Mimi nilikuwa nimesimama, nimekaa, nimesimama tena, mpaka Mzee Nzunda akaniambia nitachimba shimo.

Saa sita tukaona vumbi. Kumbe walikuwa hawana wa kumwachia mifugo, kwa hiyo wamekuja nayo yote, waume, wake, wazee, na ng'ombe wamejaa kiwanja kizima cha ofisi ya kijiji mpaka mlangoni. Masanja akainua fimbo. "Mayu, mlisema wanakijiji wote. Hawa nao wamezaliwa hapa!" Mkutano ule niliuendesha nimeshika fomu juu kichwani, kwa sababu dume moja lilikuwa linaitaka. Walipiga kura ya kukubali katikati ya kwato na mikojo, na sijawahi kufurahi hivyo tangu siku niliyojifungua Neema wangu.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikuacha kukifanya mpaka nastaafu. Nikasimama juu ya benchi nikasoma orodha yote kwa sauti, jina baada ya jina, na kila mwenye jina akaitika "nipo." Ilichukua muda mrefu, watu wakalalamika, sikujali. Hakukuwa na kuku hata mmoja. Karatasi zikafika makao makuu zimebaki siku mbili, na kabla mvua hazijashika, shamba la Bibi Namwinga kule juu lilikuwa limekwisha kulimwa. Ng'ombe wa Masanja ndio waliokokota plau.

Mavuno ya kwanza, dereva mmoja wa pikapu alisimama mbele ya ofisi akateremsha debe la mahindi mabichi. Debe lenyewe lile lile, lililobondeka, limenyooshwa kwa nyundo mpaka linashika mahindi. Salamu zilikuwa fupi: "Mwambieni Mama Kuku Wawili, haya hayajaguswa na mkonga." Nikamwita Sele, nikamwita kila kijana wa kwacha aliyekuwa ananitania, nikawachomea mahindi yote.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akashiba, akazeeka hasa, akawa anagombana na watu kwa raha zake. Alipofariki nilikuwa nimekwisha kustaafu, niko Itaka na kahawa zangu. Nilikwenda na kuku wawili kapuni, sikufikiri mara mbili. Njiani niliwapita ng'ombe wakishuka mtoni kwenye njia yao, na pembeni yake, kwenye nyasi ndefu, kinyesi cha tembo cha jana yake, bado kibichi. Nililia hapo kidogo, siyo kwa huzuni yote.

Msibani daftari lilikuwa linazunguka. Likaja mpaka kwenye mkeka wetu, na aliyekuwa amelishika kabla yangu alikuwa mzee mmoja mwenye mvi na koti la Nakonde. Akalisogeza kwangu, akanitazama, akanitazama tena, uso ukamfunguka.

"Ba mayo! Mama, ni wewe wa fomu! Mimi Mulenga." Akashika kalamu isinifikie. "Kwanza niambie, leo nasaini nini? Isije ikawa nagawa tena ardhi ya watu."

Mkeka mzima ukacheka, wafiwa pia, na Masanja kule nyuma ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nikamwambia Mulenga leo ni rambirambi tu, haki ya Mungu. Akaniachia kalamu.

Nikafungua daftari ukurasa wa kwanza. Nikasoma, jina kwa jina, sikuruka hata moja. Sinkala, unga. Silwimba, kuni. Masanja, dume moja. Mulenga, kuku wawili. Nilipofika mwisho nikaandika langu, nikaandika natoka Itaka, na kwenye nafasi ya mwisho nikaandika kama yeye: kuku wawili.